Mkondo Hafifu wa Umeme katika Tiba ya Uraibu wa Heroini: Chimbuko, Maendeleo na Funzo kwa Dodoma

Makala haya yanafafanua maendeleo ya tiba ya mkondo hafifu wa umeme kwa waraibu wa heroini na kupima nafasi yake mkoani Dodoma.

Chimbuko lake ni Hong Kong, mwaka 1972. Mpasuaji wa ubongo, H. L. Wen, alitumia sindano zilizounganishwa na umeme kumwondolea mgonjwa maumivu kabla ya upasuaji. Mgonjwa huyo, mraibu wa afyuni, alieleza kuwa arosto yake imetoweka. Mwaka 1973 Wen na S. Y. C. Cheung walichapisha taarifa ya wagonjwa 40. Margaret Patterson, mpasuaji Mskoti aliyefanya kazi Hong Kong, aliiendeleza tiba hiyo nchini Uingereza.

Maelezo ya kisayansi yalifuata. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz walitambua enkefalini, kemikali ya ubongo inayotenda kazi mithili ya afyuni. Baadaye, Han Jisheng wa Beijing alibainisha kuwa mapigo 2 ya umeme kwa sekunde huchochea enkefalini, ilhali mapigo 100 huchochea dainofini. Kwa hiyo, umeme hauingizi dawa mwilini; huuamsha mwili utoe ya kwake.

Mwaka 2017 Marekani iliruhusu kifaa kinachovaliwa nyuma ya sikio hadi siku 5, kwa kutegemea utafiti wa wagonjwa 73 usio na kundi linganishi. Kiliruhusiwa kupunguza arosto, si kutibu uraibu wenyewe.

Tofauti hiyo ina uzito Dodoma. Katika kituo cha Itega, kilicho chini ya Hospitali ya Mirembe, waraibu hupata methadoni, tiba iliyoanzia Muhimbili mwaka 2011. Kwa kawaida dawa hunywewa kila siku mbele ya mhudumu; kwa mkazi wa Kondoa au Mpwapwa, umbali na nauli ni kikwazo. Ni rahisi basi kudhani kuwa kifaa cha siku 5 kingemaliza safari hizo.

Makala haya yanapinga dhana hiyo. Aliyevuka arosto bila dawa ya kumshikilia hupoteza ustahimilivu wa mwili. Akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa. Aidha, katika hospitali ya akili, neno umeme huzua hofu ya kupigwa shoti, hivyo ridhaa ya mgonjwa yahitaji maelezo ya kina. Inahitimishwa kuwa umeme unaweza kuwa daraja la kumfikisha mraibu kwenye methadoni, wala si mbadala wake. Kinachohitajika kwanza ni kuisogeza methadoni karibu na wilaya.