Betri Mbili Katika Mashua Moja: Namna ya Kuzifunga na Kuzitunza

Ndugu zetu wa mialo na visiwa vya mpakani,

Ziwa Victoria ni la nchi tatu: Uganda, Kenya na Tanzania. Mpaka upitao ndani yake hauna jiwe wala ua, na upepo haumsubiri mtu aonyeshe kitambulisho. Mashua ambayo mashine yake imekataa kuwaka usiku husukumwa hadi maji ya nchi jirani pasipo mwenyewe kupenda. Huko mvuvi hutiliwa shaka, pengine akazuiliwa ili ajieleze. Na nyumbani jamaa zake hukesha bila habari, kwa kuwa simu nayo imezimika. Msiba wote huo waweza kuanzia katika betri moja iliyoishiwa nguvu. Ndiyo maana sisi, ambao kazi yetu ni usalama wa watu na mali zao, tumeona vema kueleza jambo ambalo wengine hudhani ni la mafundi pekee.

Kwa nini betri mbili?

Mvuvi wa dagaa, au mukene kama waitwavyo Uganda na omena kama waitwavyo Kenya, hufanya kazi usiku kwa taa. Taa hizo hunyonya betri kidogo kidogo mpaka alfajiri. Mashine yenye kuwashwa kwa swichi hutaka kinyume chake: umeme mwingi kwa sekunde chache. Betri moja ikipewa kazi zote mbili, taa hula akiba ya mashine, na asubuhi ufunguo ukizungushwa husikika mlio mdogo tu.

Dawa yake ni kugawa kazi. Betri ya kwanza iwe ya kuwashia mashine na isiguswe kwa jambo jingine. Ya pili iwe ya taa, simu, redio na pampu ya kutolea maji. Hata betri zenyewe hutofautiana kwa maumbile: ya kuwashia ina bamba nyembamba, nayo huharibika upesi ikinyonywa hadi mwisho mara kwa mara, ya matumizi marefu ina bamba nene zinazostahimili zaidi.

Namna ya kuziunganisha

Betri zote mbili ziwe za volti 12. Nyaya za upande wa hasi huunganishwa pamoja. Nyaya za upande wa chanya hazikutanishwi moja kwa moja. Kila moja huenda kwenye swichi ya kuchagulia, ambayo kwa kawaida ina nafasi nne: betri ya kwanza, betri ya pili, zote, na zima.

Jihadharini na kosa moja kubwa. Chanya ya betri moja ikifungwa kwenye hasi ya betri nyingine, huku ncha mbili zilizosalia zikipeleka umeme kwenye vyombo, volti hujumlika kuwa 24. Taa na redio za volti 12 huungua papo hapo. Vilevile, kubadilisha chanya na hasi kwenye mashine kwaweza kuua sehemu zake za umeme.

Fyuzi hufungwa kwenye waya wa chanya unaokwenda kwenye taa na vyombo vingine, karibu kabisa na betri, isizidi umbali wa shibiri moja. Kazi yake ni kuulinda waya usipate moto. Kwa hiyo ukubwa wake usizidi uwezo wa waya wenyewe. Fyuzi ikikatika, tafuteni sababu. Kuweka msumari au karatasi ya pakiti ya sigara mahali pake ni kuwasha moto ndani ya chombo chenye petroli. Kebo ya kuwashia mashine iwe nene na fupi, maana waya mwembamba na mrefu hupoteza nguvu njiani.

Utaratibu wa usiku mmoja

Ondokeni mwaloni swichi ikiwa kwenye betri ya kwanza. Mkifika mahali pa kuvulia na mashine imezimwa, ihamishieni kwenye ya pili, kisha washeni taa. Alfajiri rudini kwenye ya kwanza kabla ya kuwasha mashine. Ikiwa mashine yenu ina uwezo wa kuchaji, mkiwa njiani mnaweza kuweka kwenye nafasi ya zote ili betri zote zipate chaji, lakini msisahau kuitoa hapo mara mashine inapozimwa, kwani taa zitazinyonya zote mbili pamoja. Kamwe msipeleke swichi kwenye zima wakati mashine inanguruma. Jambo hilo laweza kuharibu mfumo wa kuchaji.

Tena, mashine inayoweza kuvutwa kwa kamba isisafiri bila kamba yake.

Hesabu ya akiba

Tuseme mashua ina taa nne za wati 10 kila moja. Jumla ni wati 40, na kwa volti 12 ni kama ampea 3.3. Kwa saa kumi za usiku zitatumia ampea-saa 33 hivi. Betri ya kawaida ya asidi haifai kunyonywa kupita nusu, hivyo kazi hiyo yahitaji betri ya ampea-saa 70 iliyo nzima na iliyojaa.

Kuirudishia chaji kwa jua kunahitaji paneli ya wati 100 hivi, ikiwa jua ni kali kwa saa tano, na lazima ipitie kwenye kidhibiti chaji. Mashine nyingi ndogo hazichaji betri kabisa. Ulizeni fundi kabla ya kuzitegemea.

Kipima volti cha bei nafuu husema kweli kuliko kubahatisha. Betri iliyopumzika saa chache ikionyesha volti 12.6 au zaidi, imejaa. Ikionyesha 12.2, imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12, isiende ziwani mpaka ichajiwe.

Hatari zisizoonekana

Betri inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche ndogo. Iwekwe mahali penye hewa, mbali na tangi la petroli, na pasivutwe sigara karibu. Ifungwe kwa mikanda ndani ya sanduku ili wimbi lisiiangushe, na ncha zake zifunikwe. Wakati wa kuifungua, anzeni na waya wa hasi; wakati wa kuifunga, hasi iwe ya mwisho. Maji ya betri yakimwagikia ngozi au macho, osheni kwa maji mengi safi bila kukawia, kisha nendeni kituo cha afya.

Wizi wa betri

Betri iliyoibwa upande huu huweza kuuzwa upande wa pili kabla ya jua kuchwa. Andikeni alama yenu juu ya sanduku la betri kwa rangi isiyofutika, wekeni nakala ya namba yake nyumbani, na tunzeni risiti. Anayeuziwa betri kwa bei ya kutupa, bila risiti, na ajiulize mara mbili: anayenunua mali ya wizi naye hujibu mbele ya sheria.

Mkikwama

Zimeni taa za kuvutia dagaa, bakizeni taa moja nyeupe ili vyombo vingine viwaone, na tieni nanga ikiwa kina kinaruhusu. Vaeni jaketi za kuokolea. Pigeni simu mapema, kabla chaji haijaisha: namba 112 hutumika Uganda, Kenya na Tanzania. Semeni mko wangapi, mliondoka mwalo gani, na upepo unawasukuma kuelekea wapi. Kabla ya kuondoka, mwachieni kiongozi wa mwalo taarifa ya safari na saa ya kurudi. Mkiingia maji ya jirani, msiwakimbie maofisa. Elezeni shida yenu kwa utulivu. Taarifa iliyoachwa mwaloni itakuwa shahidi wenu.

Mwenye swali na alifikishe kwenye kituo cha polisi kilicho karibu naye. Twapenda kuulizwa leo mwaloni kuliko kuwatafuta usiku ziwani.