Mvua ya Kakamega Ina Saa Yake

Asubuhi ya likizo ya Agosti, anga la Kakamega mara nyingi huwa safi kabisa. Mabasi ya shule hupinda kutoka barabara ya Webuye kuingia Buyangu, mengine hushika njia ya Khayega hadi Isecheno, na mjini watoto hukimbizana kwenye nyasi za Muliro Gardens huku wazazi wakitafuta kivuli. Ikifika saa nane au saa tisa mchana, watu walewale huonekana wakitimua mbio, viatu mkononi, kila mmoja akitafuta mti mkubwa wa kujikinga. Kosa kubwa la siku nzima ndilo hilo la mwisho.

Huku hakuna kiangazi cha Ulaya cha miezi mitatu ya jua na mapumziko. Kuna miezi mikavu, Desemba hadi Februari, na kuna likizo za shule, na mambo hayo mawili hayalingani vizuri. Likizo ya Aprili huangukia katikati ya mvua za masika. Ya Agosti nayo haina ukame wowote, kwani eneo la Msitu wa Kakamega hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ni Desemba tu ambapo mtoto anaweza kucheza nje kutwa bila kutazama juu. Ndiyo maana anayeuliza kama msitu au bustani ni mahali salama hupata jibu nusu asipoongeza: saa ngapi?

Saa hiyo inatawaliwa na Ziwa Victoria. Maji yake yametanda kiasi cha kilomita za mraba 68,000, na maji hupata joto polepole kuliko ardhi. Jua likishapanda, ardhi ya Kakamega, Vihiga na Nandi huwa moto kuliko ziwa. Hewa ya juu ya ardhi hupaa na hewa yenye unyevu kutoka ziwani huvuma kujaza pengo. Inasafiri kuelekea mashariki huku ikipanda, kwa sababu Kakamega yenyewe iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na mbele yake umesimama ukuta wa Nandi. Huko inakutana na pepo zinazovuma kutoka mashariki. Hewa iliyobanwa pande zote mbili haina pa kwenda ila juu, na wingu hujengeka kwa saa chache tu mpaka likawa mnara wenye barafu kileleni. Usiku mambo hugeuka: ardhi hupoa, pepo hurudi ziwani, na dhoruba huwafuata wavuvi. Wakazi wa bara hupigwa mchana na wavuvi usiku, kwa sababu ileile.

Barafu hiyo ya kileleni ndiyo kiwanda cha radi. Chembe ndogo za barafu husuguana na vipande vizito vya mvua ya mawe, chaji za umeme hutengana, hasi chini na chanya juu, hadi hewa ishindwe kuzizuia. Mkondo wa kawaida wa radi hufikia ampea 30,000, na hewa inayopitiwa na mkondo huo hupata joto la nyuzi 30,000 hivi za selsiasi, takriban mara tano ya uso wa jua. Ngurumo ni sauti ya hewa hiyo ikilipuka kwa kutanuka ghafla.

Afrika ina sehemu kubwa ya maeneo yanayopigwa na radi zaidi duniani. Utafiti uliotumia data za setilaiti za NASA na kuchapishwa mwaka 2016 uliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela mbele ya dunia nzima, lakini nafasi ya pili ilikwenda Kabare, mashariki mwa Kongo, penye mimweko 205 hivi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Magharibi mwa Kenya hakufikii hapo, ila ni ukoo mmoja wa mawingu.

Tarehe 28 Juni 2011, radi ilipiga Shule ya Msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo nchini Uganda, ikaua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Shule hiyo baadaye iliwekewa mfumo wa kinga ya radi. Funzo la Runyanya huwashangaza wengi: kuwa ndani ya jengo hakutoshi. Nyumba yenye nyaya za umeme na mabomba yaliyozikwa ardhini huupa mkondo njia ya kushuka bila kupitia miilini mwa watu. Kibanda cha nyasi, jukwaa lenye paa na nguzo tupu, au chumba kisicho na waya wala bomba huzuia mvua tu. Basi la shule lenye paa la chuma, madirisha yakiwa yamefungwa, ni kimbilio bora kuliko vibanda vyote vya mapumziko vilivyo msituni.

Na mti je? Mti mrefu hupigwa kwa urahisi, na maji yaliyo ndani yake si kipitishi kizuri kama mwili wa mtu aliyeuegemea, hivyo umeme huruka pembeni na kumpata. Hata asipouegemea, mkondo ukifika chini husambaa ardhini. Watafiti wanakadiria kwamba karibu nusu ya wanaodhuriwa na radi hupatwa na mkondo huo wa ardhini, na wanaopigwa moja kwa moja ni wachache mno. Mfugaji yeyote wa Shinyalu ameona au amesikia jambo hili bila kuliita fizikia: ng'ombe kadhaa hufa chini ya mti mmoja huku mchungaji akinusurika. Miguu ya mbele ya ng'ombe iko mbali na ya nyuma, na umeme hupata nguvu ya kupanda kwa mguu mmoja na kushukia mwingine, ukipitia moyoni. Mtu aliyebanwa mahali pa wazi achutame miguu ikiwa pamoja, asilale chini. Kundi la wanafunzi litawanyike, mita kadhaa kati ya mmoja na mwingine, ili radi moja isiwapate wote.

Kuna mengine yanayosemwa nyumbani: funika kioo, vua nguo nyekundu, zima simu. Hayo hayana msingi. Rangi haivuti radi, kioo hakivuti, wala simu ya mkononi. Kinachovuta ni urefu na upweke: mtu aliyesimama peke yake juu ya kilima cha Lirhanda wakati wingu jeusi liko juu ya msitu ana hatari kubwa kuliko mwenye shati jekundu garini. Kipimo kinachofaa ni kuhesabu. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Umeme ukimweka na ngurumo ikasikika kabla ya kuhesabu 30, radi iko ndani ya kilomita kumi na shughuli za nje zimekwisha. Subira inayopendekezwa ni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, na hapa ndipo makocha wa kandanda hushindwa, kwa kuwa mvua hukatika mapema zaidi ya hapo na vijana hutaka kurudi uwanjani.

Wanaotaka onyo la mapema wana Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, na katika Bunyore, kaunti jirani ya Vihiga, wana pia ukoo wa Nganyi, wasomaji wa mvua ambao idara hiyo iliamua kushirikiana nao badala ya kuwadharau. Wazee hao hutazama miti, ndege, wadudu na upepo. Mwalimu asiye na mzee wa Nganyi wala rada atosheke na saa yake ya mkononi, apange kilima asubuhi na basi kabla ya saa saba.

Asubuhi yenyewe ina sababu zake za kupendwa. Msitu wa Kakamega ni kipande cha mashariki kabisa cha msitu wa mvua uliowahi kuenea kutoka Kongo. Sehemu ya kaskazini, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1985, husimamiwa na Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, na ya kusini na Shirika la Huduma za Misitu. Ndani yake kuna zaidi ya aina 300 za ndege, na alfajiri ndipo wanapoimba. Jua nalo halijawa kali. Kakamega iko chini ya nusu digrii kutoka ikweta, na miale ya urujuanimno hufikia kilele kati ya saa tano asubuhi na saa tisa mchana. Mwinuko nao huiongezea nguvu. Kwa mtoto mwenye ualbino, kofia pana, mikono mirefu na krimu ya kinga ni lazima hata kukiwa na mawingu. Matembezi ya asubuhi tatu kwa wiki, dakika 50 kila moja, hutimiza dakika 150 za mazoezi ambazo Shirika la Afya Duniani linazipendekeza kwa mtu mzima.

Nyoka ndio wanaoogopwa zaidi na wageni, na ni kweli msitu huu unao wengi, akiwemo bafe wa Gaboni, mwenye meno yanayoweza kufikia sentimita 5 na ngozi iliyochorwa kama majani makavu. Lakini mnyama huyu ni mvivu wa kupindukia. Hulala tuli kati ya majani, huwinda zaidi usiku, na humuuma mtu hasa akikanyagwa. Viatu vilivyofunika vidole, kubaki kwenye njia na kutembea na mwelekezi huondoa sehemu kubwa ya hatari. Aliyeumwa asichanjwe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kukaza, wala asibandikwe jiwe jeusi la nyoka. Aondolewe pete na viatu kabla ya uvimbe, kiungo kitulizwe kama kilichovunjika, apelekwe hospitali bila kutembezwa.

Siafu, kwa upande mwingine, hawana uvivu wala saa. Dawa yao ni kuingiza suruali ndani ya soksi, jambo ambalo waelekezi hulisema na vijana hulikataa kwa sababu ya urembo, hadi mara ya kwanza.

Kima nao hawana shida mpaka mtu awazoeshe chakula. Wale wa Isecheno wamefuatiliwa na mwanasayansi Marina Cords na wenzake tangu mwaka 1979, na wamewazoea watu wanaowatazama bila kuwapa kitu. Ndizi moja ya mtalii hubadilisha mambo: kima hujifunza kunyang'anya, na kunyang'anya huleta kung'atwa. Jeraha lolote la mnyama, la kima au la mbwa wa mjini, lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu aende kupata chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo. Dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona.

Kanuni ya asubuhi ina hali moja inayoivunja. Mapigano ya fahali ya Waisukha na Waidakho, yanayosindikizwa na ngoma ya isukuti, huanza mapema, na huko hatari huja na umande. Watazamaji hujipanga mahali pa wazi, mara nyingi bila ua, na fahali aliyeshindwa hukimbia popote palipo na mwanya, hata kama mwanya huo ni mtoto aliyesukumwa mbele aone vizuri. Mtoto abebwe, akae nyuma.

Jioni ni zamu ya mbu. Kakamega imo katika ukanda wa malaria wa ziwa, na ilikuwa miongoni mwa kaunti nane zilizoanza majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S mwaka 2019. Mbu wa malaria huuma kuanzia giza linapoingia hadi alfajiri, kwa hiyo anayebaki Muliro Gardens kupunga upepo baada ya saa kumi na mbili jioni avae mikono mirefu au apake dawa ya kufukuza mbu.

Kuna hatari moja ya mitoni iliyoondoka kabisa. Usubi, inzi mdogo anayeeneza upofu, aliwahi kuwatesa wakazi wa mito ya magharibi mwa Kenya. Wataalamu walihangaika kutafuta mahali anapolelewa hadi mwaka 1950, walipogundua kwamba viluwiluwi vyake hujishikiza migongoni mwa kaa wa mtoni. Mito ilitiwa dawa ya DDT na katikati ya miaka ya 1950 inzi huyo alikuwa ametoweka Kenya. Wanaopiga picha kwenye maporomoko ya Isiukhu leo wanahitaji kuogopa jambo jingine: mvua inayonyesha upande wa Nandi hujaza mto wakati maporomokoni jua bado linawaka. Maji yakibadilika rangi, watoke.

Na kama radi imempiga mtu licha ya tahadhari zote, mwili wake haubaki na umeme. Anaweza kuguswa mara moja. Kinachoua ni moyo na pumzi kusimama, na wengi wangeweza kuokolewa kwa kukandamizwa kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusita, huku mwingine akipiga simu ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199. Walimu wanaopanga safari za Agosti wajifunze ukandamizaji huo kabla ya kukusanya nauli, na waandike saa ya kurudi juu ya barua ya wazazi. Malango ya hifadhi hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi.