Kompyuta mpya ya koperative: mega zinaenda wapi?

Ndugu wakulima, koperative moja ya kahawa huku Butembo ilinunua kompyuta mpya. Siku ya tatu katibu akatuambia: «Tunaweka mega asubuhi, saa sita zimeisha, na hakuna mtu amefungua kitu. Ni nani anazikula?»

Swali hili si la feza za forfe tu. Ndani ya kompyuta mna majina ya wanamemba, namba za telefone, kilo walizoleta na malipo waliyopata. Na tangu Umoja wa Ulaya upitishe sheria ya 2023 juu ya ukataji wa misitu, wanunuzi wanaomba pia alama za GPS za kila shamba la kakao na kahawa. Upande wa Beni, ambako watu wanashambuliwa hadi mashambani tangu 2014, orodha inayoonyesha nani amelipwa na anaishi wapi si karatasi ya kuchezea.

Ni nini kinatoka?

Kompyuta ikiwa kwenye intaneti inaongea yenyewe, hata kama hamuigusi. Tunaona mambo manne:

1. Inavuta marekebisho ya Windows na ya dawa ya virusi. Haya ni ya lazima, lakini ndiyo yanakula mega nyingi.

2. Inatuma kwa kampuni habari za namna inavyotumika. Mwaka 2016 CNIL, ofisi ya Ufaransa inayolinda habari za watu, iliamuru Microsoft ipunguze habari ambazo Windows 10 ilikusanya. Kampuni ikarekebisha.

3. Inanakili faili zenu. Mkiingia kwa konti ya Microsoft, OneDrive inaweza kupeleka faili za Documents kwenye mashine za mbali. Orodha ya wanamemba inaondoka hivyo, na komite haikuamua.

4. Programu ya wizi. Hii ndiyo hatari kubwa. Mara nyingi inaingia pamoja na programu za kukopi za bei rahisi, au kwa kile USB.

Tufanye nini?

Bonyezeni Ctrl, Shift na Esc pamoja. Angalieni safu ya «Réseau»: inaonyesha programu gani inatumia intaneti. Jina msilolijua, liandikeni, kateni intaneti, mwite fundi mnayemwamini.

Kisha fungueni «Paramètres». Kwenye Wi-Fi yenu wekeni «Connexion limitée». Mega zitapungua kuisha. Kwenye «Confidentialité» zimeni yasiyo ya lazima. Kama komite haijakubali OneDrive, izimeni, lakini nakilini orodha kwenye kile USB inayofungwa kabatini, maana kompyuta ikiibiwa mtapoteza yote. Marekebisho ya usalama msiyakatae: chagueni siku moja kwa wiki ya kuyavuta.

Orodha yenyewe iwe na neno la siri, linalojulikana na watu wawili tu.

Haki ni yenu

Sheria ya Kongo juu ya mambo ya kompyuta, Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za kila mtu. Kwa hiyo kwenye mkutano mkuu ulizeni komite bila haya: Habari zetu zinakaa wapi? Nani anaziona? Nani anazituma, na kwa nani? Kama hakuna mwenye jibu, kazi ianze hapo, mbele ya msimu mpya.