Mvua imegeuka, na shamba liko mbali na kambi

Tukitembelea makanisa ya Djugu, swali linalorudi ni hili: kama Mungu aliahidi katika Mwanzo 8:22 kwamba kupanda na kuvuna havitakoma, mbona mvua ya Machi haiji tena Machi? Wakulima wa milimani, upande wa Fataki na Rethy, hawakuhitaji kalenda. Maharagi na mahindi mwezi wa tatu, kisha tena mwezi wa nane. Sasa mvua ya kwanza inadanganya, mbegu inaota na kukauka, halafu inakuja mvua kali inayosomba udongo wa mteremko.

Ziwani tuliona makubwa zaidi. Mwishoni mwa 2019 maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika yalipata joto kupita kawaida, na mvua ikanyesha miezi mingi Afrika Mashariki. Mei 2020 ziwa Victoria lilipita hata kipimo cha 1964. Maji yake hushuka kwa mto Nile mpaka ziwa Albert, na Semliki huongeza yake. Tchomia na Kasenyi maji yaliingia nyumbani. Ng'ambo, Uganda, Butiaba na Ntoroko vilevile. Mvuvi wetu alihamishwa na mvua iliyonyesha mbali sana, huko Mwanza na Kisumu.

Hata nchi tajiri zinahangaika. Japani, joto la kiangazi huharibu punje za mchele wa Koshihikari, na wakulima wengine wamehamia Niji no Kirameki, aina iliyozalishwa ili ivumilie joto. Wavuvi wa Hokkaido wanapata samoni wachache na buri wengi, samaki aliyezoea maji ya kusini.

Kwetu pia maarifa yapo. Makanisa mengi yamefundisha kilimo kisicholima shamba lote: unachimba mashimo, unaweka mbolea, unafunika udongo kwa majani makavu badala ya kuyachoma. Wanaofundisha wanayaita blanketi la Mungu. Unyevu unabaki hata mvua ikikatika wiki mbili. Wavuvi nao wanaweza kuanika samaki wadogo juu ya chanja badala ya mchangani, wasiozeshwe na mvua ya ghafula. (Tusilaumu hewa kwa kila kitu: nyavu za matundu madogo zinazomaliza watoto wa samaki ni dhambi yetu wenyewe.)

Lakini blanketi hilo linadai mwenye shamba awe karibu. Tangu Desemba 2017 watu wa Djugu wanakimbia na kurudi na kukimbia tena. Usiku wa kuamkia 2 Februari 2022, katika kambi ya Plaine Savo, zaidi ya watu 50 waliuawa. Mama anayelala kambi ya Rho hawezi kungoja mvua ya kweli; anapanda siku njia inapokuwa salama. Muhogo huvumilia ukavu, ila hukaa ardhini mwaka au zaidi, na mara nyingi anayeung'oa si aliyeupanda. Kwa hiyo anachagua lengalenga na maharagi, mazao ya haraka, ambayo ndiyo huumia kwanza mvua ikikosea. Na nani atafunika kwa majani shamba la kukodi analoweza kunyang'anywa baada ya msimu mmoja?

Ndiyo maana tunaomba makanisa yenye ardhi karibu na kambi yawape wahamiaji vipande vya shamba kwa misimu minne, kwa karatasi iliyotiwa sahihi na wazee wa kanisa, kabla ya mvua ya Agosti.