Watoto wa Mbwa wa Madukani na Bakteria Sugu

Kati ya Januari 2016 na Februari 2018, watu 118 katika majimbo 18 ya Marekani waliugua ugonjwa wa kuhara unaosababishwa na kampilobakta, bakteria anayeishi katika utumbo wa wanyama wengi na kumfikia binadamu kupitia kinyesi kinachochafua mikono, chakula au maji. Wachunguzi wa CDC, taasisi ya serikali inayodhibiti magonjwa nchini humo, walibaini kuwa chanzo kilikuwa watoto wa mbwa wanaouzwa madukani, na kwamba wagonjwa 29 walikuwa wafanyakazi wa maduka hayo.

Bakteria hao walikuwa sugu, yaani waliendelea kuishi na kuzaana hata mbele ya dawa zilizokusudiwa kuwaua, zikiwemo azithromaisini na siprofloksasini, ambazo madaktari huzitegemea pale ugonjwa huu unapozidi. Kiini cha usugu huo kilianza kuonekana katika kumbukumbu za matibabu za watoto wa mbwa 149, kwani 142 kati yao, sawa na asilimia 95, walikuwa wamepewa viuavijasumu kabla ya kufika dukani au wakiwa humo, na zaidi ya nusu ya hao walipewa kwa ajili ya kinga tu, pasipo kuugua. Katika utumbo wenye bakteria wasiohesabika, wachache hubadilika vinasaba kwa bahati, na dawa inapowaangamiza wenzao, wao hubakiwa na nafasi na chakula chote, wakazaana na kuenea kwa mbwa wengine, hasa pale ambapo watoto waliotoka kwa wazalishaji mbalimbali husafirishwa pamoja na kufungiwa katika vizimba vilivyosongamana.

Kumpa mnyama mwenye afya dawa ili kufidia msongamano na uchafu ni kosa ambalo gharama yake humwangukia mwingine, mara nyingi familia iliyomnunua kwa mapenzi, kwa kuwa mtoto wa mbwa anaweza kubeba kampilobakta bila kuonyesha dalili yoyote.

Desemba 2019, CDC ilitangaza mlipuko mwingine uliowakumba watu 30 katika majimbo 13, na uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kuwa bakteria wake, waliokuwa sugu vilevile, walikuwa na undugu wa karibu na wale wa mlipuko wa awali.