Mgeni wa Gharnata alale wapi?

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini zama hizi msafiri hafikii kwa mwenyeji. Hufikia kwa karani aliyekaa nyuma ya meza, akatakwa pasi na fedha, kisha akapewa ufunguo. Ndiyo maana kuchagua hoteli limekuwa jambo la kufikiriwa, na hasa kwa Mwislamu aendaye kuzuru mji kama Granada, ulioko kusini mwa Hispania, ambao sisi tuliokaa chuoni tuliusikia kwa masheikh wetu kwa jina la Gharnata.

Msomaji mpenzi, mji huu si mgeni kwako hata kama hujautia mguu. Mwaka 1238 Muhammad bin Yusuf, maarufu kwa jina la Ibn al-Ahmar, aliuingia na kuanza kujenga ngome na majumba ya Alhambra juu ya kilima. Ufalme wa kizazi chake, Banu Nasr, ulidumu hata tarehe 2 Januari 1492, siku ambayo Sultani Abu Abdallah alitoa funguo za mji kwa Mfalme Ferdinand na Malkia Isabella. Kuta zake zingali zimenakshiwa, mahali baada ya mahali, maneno haya: Wa la ghaliba illa Allah, yaani hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu.

Ama nyumba za wageni, zilikuwako huko kabla ya hoteli za leo. Chini mjini ipo nyumba iitwayo Corral del Carbón, iliyojengwa katika karne ya 14. Hiyo ilikuwa funduq: mfanyabiashara aliingia na nyumbu wake, akashusha mzigo chini, akapanda ghorofani kulala. Katikati pana ua ulio wazi na birika la maji. Waislamu walipoondolewa madarakani, nyumba ikawa mahali pa michezo ya kuigiza, kisha ghala la makaa, na jina lake limetokana na hayo makaa. Wahispania hata leo wana neno fonda kwa nyumba ya wageni, nalo asili yake ni hiyo hiyo funduq.

Na msafiri mmoja aliyeijua Gharnata ya zama hizo alitujua na sisi. Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331 alipokuwa njiani kwenda Kilwa, akawasifu watu wetu kwa dini yao na kueleza walivyoosha miguu kabla ya kuingia msikitini. Mnamo mwaka 1350 alifika Gharnata. Sultani Yusuf wa Kwanza alikuwa mgonjwa, wasionane, lakini mama yake Sultani alimpelekea mgeni dinari za dhahabu. Hakuwa na haja ya kuuliza hoteli ina nyota ngapi! Ni sisi tuliokuja nyuma tunaopaswa kuuliza.

Nami nilipokwenda na mama watoto, ambaye magoti yake hayapendi ngazi, niliuliza sana. Nikaona kwamba mgeni ana mahali patatu pa kuchagua.

Pa kwanza ni kilimani. Ndani ya eneo lenyewe la Alhambra ipo hoteli ya serikali, Parador, iliyofunguliwa mwaka 1945. Kabla ya hapo ilikuwa nyumba ya watawa wa Kikristo, na kabla ya watawa palikuwa na jumba la Banu Nasr, ambalo mabaki yake yangalipo. Ferdinand na Isabella walizikwa hapo kwanza, hata mwaka 1521 walipohamishiwa kanisani mjini. Karibu na hapo ipo hoteli nyingine kubwa, Alhambra Palace, ya tangu mwaka 1910. Huko pana utulivu na miti, na usiku watalii wa mchana wakishaondoka, mtu hujiona kama aliyeachiwa mji peke yake. Lakini bei ni ya wenye nazo. Tena kulala ndani ya Alhambra hakukupi ruhusa ya kuingia majumba ya masultani: tiketi hununuliwa mbali, ina jina lako na saa yako, na huisha mapema. Kata tiketi kwanza, chumba baadaye.

Pa pili ni Albaicín, mtaa wa kale unaotazamana na Alhambra, baina yao kijito cha Darro. Mtu wa Lamu akiingia hapa atadhani amepotea akarudi kwao. Vichochoro ni vyembamba, kuta ni nyeupe, na nyumba zimeupa mgongo mtaa zikaelekeza uso wake ndani, kwenye kiwanda chenye maji na kivuli. Nyumba iliyo na bustani yake huitwa carmen, kutokana na neno la Kiarabu karm, shamba la mizabibu. Kadha wa kadha kati ya nyumba hizi zimekuwa hoteli ndogo za vyumba vichache. Hapo pia upo msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 2003, baada ya miaka zaidi ya 500 ya mji kukaa bila ya msikiti kama huo. Kuamka alfajiri na kuuendea kwa miguu, Alhambra ikiwa mbele yako gizani, ni raha ambayo haiandikwi katika bei ya chumba.

Lakini sikufichi: Albaicín ni mlima, na njia zake ni za mawe. Gari kubwa halipiti. Mabasi madogo hupanda kutoka bondeni. Mwenye mizigo mizito au magoti mabovu na aulize kabla ya kulipa: kutoka kituo cha basi hadi mlangoni ni ngazi ngapi? Na chumba ni ghorofa ya ngapi, na lifti ipo?

Pa tatu ni mjini chini, karibu na Plaza Nueva na barabara ya Gran Vía. Njia ni tambarare, mabasi ni mengi, hoteli ni za kila bei. Sisi tulilala huku, na magoti yalishukuru. Kasoro yake ni kelele: Wahispania hula chakula cha usiku saa tatu na saa nne, wakazungumza hata usiku wa manane. Omba chumba kinachotazama ua wa ndani, wala si kinachotazama barabara.

Popote utakapofikia, yapo mambo ya kuuliza yasiyomo katika vitabu vya watalii. La kwanza ni maji. Vyoo vingi vya Hispania vina beseni dogo la kujitawazia, bidé. Ulizia, nawe utapunguziwa shida. La pili ni kibla. Sisi wa Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini, kwa kuwa Makka iko moja kwa moja juu yetu. Granada kibla ni mashariki, kikielekea kusini kidogo. Chukua dira. La tatu ni chakula. Jifunze maneno mawili: cerdo ni nguruwe, na manteca ni mafuta ambayo mara nyingi ni yake, nayo hutiwa hata katika vitamutamu vya unga. Chai ya asubuhi yenye mkate, nyanya na mafuta ya zeituni ni salama na tamu, na nyama halali hupatikana kwa Wamoroko. La nne ni hali ya hewa. Mji uko karibu mita 700 juu ya bahari, chini ya milima yenye theluji. Januari usiku baridi huingia mifupani, na Julai mchana jua huchoma. Uliza chumba kina kitu gani cha kukipasha na cha kukipoza.

Ama jambo la mwisho ndilo zito kupita yote. Katika kichochoro cha Calderería Nueva nilikaa kwa muuza chai mmoja, Mmoroko mwenye umri kama wangu, tukazungumza kwa Kiarabu changu cha chuoni.

"Ya akhi," aliniambia, "zamani usiku nikisikia nyayo za jirani nikamjua kwa mwendo wake. Sasa nasikia magurudumu ya masanduku juu ya mawe. Nyumba zimekuwa za kukodishwa kwa siku mbili tatu. Jirani kahama, kodi imemshinda."

Maneno hayo hayakunipata kama ya ugenini. Lamu pia nyumba za kale zimeuzwa kwa wageni, na wenyewe wakahamia nje ya mji. UNESCO imeitia Albaicín katika urithi wa dunia tangu mwaka 1994, na Lamu tangu mwaka 2001, lakini karatasi hailindi jirani. Mawe yakibaki na watu wakaondoka, mji umekuwa kaburi lililopakwa chokaa.

Kwa hivyo, ndugu yangu, chagua hoteli iliyosajiliwa, ambayo wafanyakazi wake ni wenyeji wa mji. Usichukue nyumba ya mtu aliyefukuzwa ili wewe ulale. Kula dukani kwa mwenye mtaa, na usiku beba sanduku lako kwa mkono. Usingizi mwema ni ule usiomnyima mwingine wake.

Mgeni chagua nyumba, kwa kutazama jirani,
Si kwa anayejigamba, kwa taa za ukumbini,
Hata kikiwa ni chumba, kidogo, kina amani,
Raha yake ni kuomba, Mola wake faraghani.