Je, Wajua? Feni Kuzunguka Si Kupoza

Feni ya umeme iliyofungwa nyuma ya rejeta, upande wa injini, kazi yake ni kuvuta hewa kutoka mbele ya gari. Waya chanya na hasi zikibadilishana, mota ya kawaida huzunguka kinyume, na feni husukuma hewa ya moto mbele, ikipigana na upepo wa mwendo. Utasema: mbona inazunguka vizuri? Inazunguka, ndiyo, lakini mapanga yake yamepindwa kwa upande mmoja tu. Barabara kuu upepo huenda ukaficha kosa. Kwenye foleni hakuna wa kulificha, gari litachemsha. Washa feni, weka karatasi mbele ya rejeta: ikinata, imefungwa sawa, ikipeperushwa, mrudie fundi.